Mwembe Mmoja, Picha Nyingi: Kamera ya Mwananchi Katika Bustani na Njia za Tabora

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wapenda picha na matembezi ya porini



Mwezi Oktoba mwaka 1860, msafara wa Waingereza wawili, John Speke na James Grant, ulikuwa njiani kutoka pwani kuelekea Unyamwezi. Miongoni mwa mizigo yake ilikuwamo kamera, ambayo Grant alikwisha kuitumia kupigia picha kule Unguja. Kabla msafara haujafika mbali, Speke aliamua kamera hiyo irudishwe pwani, na sababu yake aliieleza katika kitabu cha safari yake: joto la hema dogo ambamo Grant alitayarisha na kusafisha picha zake lingemwua upesi.

Siku hizo picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa. Kioo kilitiwa ndani ya kamera kikiwa bado kibichi, kikatolewa na kusafishwa gizani kabla dawa haijakauka. Aliyetaka picha moja ya mti alihitaji hema, chupa za dawa, maji safi, sanduku la vioo na wapagazi wa kuvibeba vyote hivyo. Kamera ikarudi, Grant akashika penseli na rangi za maji. Msafara ulipoingia Kaze, yaani Tabora ya leo, mwezi Januari 1861, mji ulichorwa kwa mkono.

Leo kamera imefika, na imefika kwa wingi. Imo mfukoni mwa dereva wa bodaboda anayengoja abiria chini ya mwembe, imo mkobani mwa mama muuza asali, imo mkononi mwa kijana aliyemaliza kidato cha nne jana. Haihitaji hema wala dawa. Swali lililobaki ni la namna nyingine: mwenye kamera hiyo anatazama nini, na anachokitazama anakitunzaje?

Mazungumzo haya yanahusu starehe ya kawaida kabisa, ambayo haina kiingilio na haihitaji cheti: kutembea taratibu katika bustani za umma, kando ya barabara zenye vivuli na katika njia za miombo, huku mtu akipiga picha kwa kuipenda tu. Starehe hiyo humpa mpiga picha wa ridhaa utulivu wa moyo. Aidha, ikifanywa kwa utaratibu kidogo, huupa mji kumbukumbu ambayo hakuna ofisi inayoweza kuiandika peke yake.

Kivuli chenye historia

Njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na ulikwenda kwa miguu. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871, akafika Unyanyembe mwezi Juni. Ni miezi mitatu ya safari. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walibeba mzigo wa frasila mbili hivi kila mmoja, yaani zaidi ya kilo 30. Walipeleka pembe za ndovu pwani, wakarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Tabora palikuwa njia panda: wa kwenda Ujiji walielekea magharibi, na wa kwenda Karagwe na Buganda walielekea kaskazini.

Kwa mtu mwenye kilo 30 kichwani, kivuli hakikuwa pambo. Kilikuwa mahali pa kutua mzigo, kupima maji yaliyobaki na kuhesabu wenzi waliosalia. Ndiyo maana historia ya njia hii haisimuliwi bila miti.

Mwembe si mti wa asili wa bara hili. Kwao ni Asia ya Kusini. Ulifika pwani kwa biashara ya Bahari ya Hindi, kisha ukasafiri kuja bara pamoja na watu. Wazee husimulia kwamba kokwa zilizotupwa na wasafiri makambini ziliota zenyewe. Wafanyabiashara nao walipanda bustani za matunda kando ya matembe yao. Iwe kila mti ulipandwa au ulijiotea, ukweli unaoonekana kwa macho ni kwamba miembe mikongwe inaifuata njia ile: ipo Bagamoyo, ambako safu ya miembe inayoelekea misheni ilipandwa mwaka 1871, ipo Tabora mitaani na upande wa Kwihara, na ipo Ujiji, mwisho wa safari. Asiye na ramani angeweza kuifuata njia kwa kufuata vivuli.

Uzuri huo usimfanye mtu asahau. Chini ya kivuli hicho hicho walipita pia watu ambao hawakuchagua kusafiri, waliofungwa pamoja na kupelekwa kuuzwa pwani. Mkataba uliomlazimu Sultani wa Zanzibar kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873, lakini utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii, kwa jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na Kwihara ni mojawapo ya vituo vilivyotajwa. Anayepiga picha ya miembe ya Tabora anapiga picha ya jambo lenye sura mbili. Hana haja ya kuihuzunisha picha yake, lakini maelezo anayoyaandika chini yake yaseme kweli.

Mti hufa kimya

Jengo la kale likibomoka, watu huuliza. Mwembe ukianguka, asubuhi hubaki kisiki, mwezi unaofuata hubaki uwazi, na baada ya miaka miwili mtoto anayepita hapo kwenda shule hajui kwamba palikuwa na mti. Mwembe unaweza kuishi zaidi ya miaka 100, lakini hauishi milele. Unashambuliwa na magonjwa na mchwa, unapigwa na radi, unachunwa magome, mizizi yake hukatwa wakati wa kuchimba misingi na mitaro, na mara nyingine hukatwa kabisa kwa ajili ya kuni, mkaa au kiwanja. Si kila ukataji ni kosa. Mti uliooza ndani na kuinamia nyumba ya watu ni hatari, na kuuondoa ni wajibu. Hasara kubwa ni pale mti unapoondoka bila mtu yeyote kuandika ulikuwa wapi, ulikuwa mnene kiasi gani, na ni mche gani ulipaswa kupandwa mahali pake.

Hapa ndipo burudani ya kamera inapogeuka kuwa huduma. Wataalamu wa mazingira duniani wana desturi ya kurudi mahali pale pale, kusimama pale pale, na kupiga picha ile ile baada ya miaka. Kwa njia ya namna hiyo, kwa kulinganisha ramani ya zamani na picha za angani, ilibainika kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya Mlima Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85. Anayeutazama mlima kila siku haoni kupungua huko, kwa kuwa jana na leo hufanana. Picha mbili zilizotenganishwa na miaka ndizo zinazoonyesha.

Kinachofanyika kwa mlima kinaweza kufanyika kwa mwembe.

Kuanza na mti mmoja

Mpiga picha wa ridhaa asianze na mji mzima. Achague mti mmoja: ule wa karibu na nyumbani, wa kiwanja cha shule, wa bustani ya umma anayoipitia akitoka sokoni. Mti huo auzunguke kwanza bila kutoa simu mfukoni. Autazame upande wa jua na upande wa kivuli, aone mahali matawi yanapoanzia, aone nani hukaa chini yake na saa ngapi. Dakika kumi za kutazama huzaa picha bora kuliko picha mia za haraka haraka.

Kisha apige picha nne. Ya kwanza ni ya mti mzima, kutoka mbali ya kutosha kuonyesha shina hadi kilele, na ndani yake kiwepo kitu kisichohama upesi, kama pembe ya jengo, nguzo au jiwe kubwa. Kitu hicho ndicho kitakachomwongoza kurudi mahali pale pale mwaka ujao. Ya pili ni ya shina na magome, ambayo huonyesha vidonda, uozo na afya ya mti. Ya tatu ni ya karibu: jani, kishada cha maua, tunda, au mdudu aliyetua. Ya nne mpiga picha aupe mti mgongo, asimame shinani, na kupiga kile ambacho mti wenyewe unakitazama: barabara, kiwanja, kibanda cha fundi baiskeli, watoto wakicheza kwa mbali.

Baada ya hapo aandike mistari michache katika daftari: tarehe, saa, mtaa au kijiji, upande alioelekea, na hatua ngapi kutoka shinani. Akiwa na utepe wa fundi cherehani, aupime mzunguko wa shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Hicho ndicho kimo wanachokitumia maafisa misitu, kwa hiyo kipimo chake kitaeleweka na mtaalamu bila kufasiriwa. Picha bila tarehe na mahali ni kama barua isiyo na anwani: huenda ikawa nzuri, lakini haifiki.

Mwaka unaofuata arudi. Kuna siku mbili zinazofaa sana kwa Tabora. Ya kwanza ni tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, ambayo kwa sadfa ni siku ile ile uliposainiwa mkataba wa mwaka 1873. Mvua zimekwisha, majani bado ni mabichi na anga ni safi. Ya pili ni tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, ambayo ni mapumziko kwa wengi. Mwalimu alisoma Tabora kuanzia mwaka 1937, akarudi baadaye kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria. Bila shaka vivuli vya mji huu alivifahamu. Wakati huo kiangazi kiko mwishoni na miti inajiandaa kwa mvua. Picha mbili kwa mwaka, kwa miaka kumi, ni picha ishirini tu, lakini ni wasifu kamili wa mti.

Nuru ya Tabora

Kamera ya bei kubwa haishindani na saa nzuri. Tabora iko takribani nyuzi 5 kusini mwa ikweta na mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Saa ya Tanzania ni moja nchi nzima, lakini jua halina mpaka huo: huchomoza Tabora karibu nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Mwezi Novemba huonekana mnamo saa 12:25 asubuhi. Mwezi Julai hukaribia saa 1:00. Saa moja na nusu ya kwanza baada ya macheo, na saa moja ya mwisho kabla ya machweo, nuru huja kwa ubavu, ikayachora magome mstari kwa mstari na kuurefusha mwili wa kila mti ardhini.

Adhuhuri ni adui. Katika wiki ya kwanza ya Oktoba, na tena katika wiki ya pili ya Machi, jua la mchana hupita utosini kabisa. Kivuli hujikunja chini ya mti, na nyuso za watu hupata mashimo meusi machoni. Saa hizo zitumike kupumzika, kama walivyofanya wapagazi.

Chini ya mwembe lipo tatizo moja ambalo kila mwenye simu amekutana nalo: nje ya kivuli kunawaka, ndani kuna giza, na kamera haijui imfuate nani. Dawa yake ni rahisi. Kinachopigwa kiwe chote kivulini au chote juani, kisigawanyike. Kisha mpiga picha aguse kwenye kioo cha simu kile anachotaka kionekane, ili kamera ipime nuru hapo. Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini, kwani vumbi la Septemba ni jingi. Vumbi hilo hilo, hata hivyo, ndilo linalolifanya jua la jioni kuwa jekundu na kubwa, na baada ya mvua ya kwanza anga hutakata ghafla kama kioo kilichooshwa.

Majira nayo yana kalenda yake. Mwezi Julai na Agosti mwembe hutoa vishada vya maua vyenye njano na wekundu, na nyuki huvijaa. Kuanzia Novemba hadi Januari matunda huiva, na chini ya kila mti huonekana mikutano ya watoto yenye kelele. Katika miombo jambo la ajabu hutokea mwishoni mwa kiangazi. Miti iliyosimama mitupu mwezi Agosti huvaa majani mapya kabla hata ya tone la mvua, na majani hayo si ya kijani. Ni mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Asiyejua alidhani mti umekufa, na huenda alikwisha kuupigia hesabu ya magunia ya mkaa. Picha ya Agosti na picha ya Oktoba zikiwekwa pamoja humsahihisha bila hotuba.

Njia za kutembea

Kwa mkazi wa mjini, matembezi ya kwanza ni ya mitaani na katika bustani za umma, asubuhi ya Jumamosi au Jumapili. Ya pili ni ya Kwihara, kilomita chache nje ya mji, lilipo tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872 baada ya kukutana na Stanley kule Ujiji. Stanley aliondoka hapo mwezi Machi, na Livingstone akabaki hadi mwishoni mwa Agosti akingoja wapagazi wa safari yake ya mwisho. Mwaka uliofuata, Chuma na Susi na wenzao walipita Unyanyembe wakiubeba mwili wake kwenda pwani. Mlango wa nakshi, kuta za udongo na paa bapa la tembe hupendeza nuru ya asubuhi. Waangalizi wa mahali hapo waulizwe kwanza ni wapi panapigwa picha na kwa utaratibu gani.

Wapendao ndege wa majini huenda kwenye Bwawa la Igombe mapema kabla upepo haujayatibua maji. Wapendao msitu huingia miombo, nchi ya mninga, mtundu na mkola, ambako mizinga ya magome huning'inia juu ya miti na kumkumbusha mpita njia kwamba asali ya Tabora haikutoka dukani. Wenye bahati humsikia yule ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye asali ya mwituni, akilia kwa fujo kutoka tawi hadi tawi. Mizinga isiguswe wala isikaribiwe kwa ajili ya picha, na manukato yaachwe nyumbani. Mavazi ya buluu na meusi yaepukwe pia, kwa kuwa mbung'o huvutwa na rangi hizo. Viatu viwe vya kufunika mguu, maji yawe ya kutosha, na mtu asiende peke yake.

Walio na uwezo wa safari ndefu zaidi wana Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa mwaka 2019, na ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika mkataba wa kimataifa wa Ramsar. Lakini asidhani mtu kwamba picha nzuri zinaanzia huko. Aliyeshindwa kuutazama mwembe wa mtaani kwake hataiona palahala ya Ugalla hata ikimsimamia mbele.

Adabu kabla ya kamera

Mti hauombwi ruhusa; mtu huombwa. Mzee aliyekaa chini ya mwembe hakukaa hapo ili awe pambo la picha ya mgeni. Kijana amsalimie kwanza, "Shikamoo mzee," au asubuhi amwambie "Mwangaluka," angoje ajibiwe, kisha aseme haja yake: "Naomba kukupiga picha ukiwa kazini hapa mwembeni. Ukikubali nitakuonyesha, na usipoipenda nitaifuta." Maneno hayo hayachukui hata dakika moja. Mzee akikataa, ashukuriwe kama aliyekubali. Akikubali, apelekewe nakala, maana wapo wazee wengi waliopigwa picha mara nyingi na hawajawahi kuiona hata moja.

Watoto wapigwe picha kwa idhini ya mzazi, mlezi au mwalimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda utu wao. Sura ya mtu ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuanza kutumika, hivyo kuisambaza sura hiyo mtandaoni bila ridhaa si mzaha tena. Makaburi, nyumba za ibada na mahali pa matambiko pana wenyewe; waulizwe.

Yapo pia maeneo ambayo kamera hubaki mfukoni. Boma la zamani la Wajerumani ni eneo la kijeshi. Miundombinu ya maji, umeme na reli ina ulinzi wake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na stesheni yake huvutia jicho, lakini mkuu wa stesheni aombwe kwanza. Kuingia katika msitu wa hifadhi huhitaji kibali cha mamlaka ya misitu, na kurusha ndege isiyo na rubani huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa upande mwingine, mpiga picha naye ana haki: picha aliyoipiga ni kazi yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua. Anayetaka kuitumia picha hiyo katika tangazo au kalenda amwombe.

Kiota kisifunuliwe, tawi lisivunjwe ili kupisha mwanga, na moto usiwashwe ili kupata moshi wa kupendeza. Picha iliyopatikana kwa kuharibu kile inachokionyesha ni ushahidi dhidi ya aliyeipiga.

Kuzitunza na kuzitumia

Simu huibwa, huanguka majini, hufa. Kila picha yenye thamani ihifadhiwe mahali pawili, na zile nne za mti zichapishwe kwenye karatasi walau mara moja kwa mwaka, tarehe na mahali vikiandikwa nyuma kwa penseli. Walimu walezi wa klabu za mazingira na za Malihai wanaweza kulifanya hili kuwa kazi ya wanafunzi: kila darasa mti wake, kila mwaka ukurasa wake, na daftari libaki shuleni wanafunzi wanapohitimu. Mtoto wa darasa la tatu leo atamkabidhi mdogo wake mti ule ule.

Mwananchi akiona mti wa umma umechunwa magome, umetobolewa, umechomwa shinani au umeanza kukatwa, apige picha akiwa mahali salama, aandike siku na mahali, na aipeleke kwa mtendaji wa mtaa au kijiji ili ifikishwe kwa afisa misitu au afisa mazingira wa Halmashauri. Asigombane na mtu aliyeshika shoka. Akiwa na picha ya mti huo ya mwaka uliopita, taarifa yake itakuwa na uzito maradufu, kwani itaonyesha ulivyokuwa na ulivyo. Na pale mti mkongwe unapolazimika kuondolewa kwa usalama wa watu, picha hizo ndizo zitakazosema mche mpya upandwe wapi. Mwembe wa mbegu huchukua kati ya miaka mitano na minane kuzaa, na kivuli chake kikamilifu ni kazi ya kizazi kizima. Anayeupanda leo anawapandia wengine, kama alivyopandiwa.

Haitazamiwi kwamba kila mkazi awe mtaalamu. Yapo majioni ambayo mtu atatoka na simu yake, atazunguka bustani, asipate picha hata moja ya kuonyesha watu, na arudi nyumbani akiwa amepumua vizuri kuliko alivyotoka. Hiyo nayo ni faida, wala haihitaji kuandikwa daftarini. Afya ya mji haipimwi kwa zahanati na visima pekee. Hupimwa pia kwa watu wake kuwa na mahali pa kutembea bila haraka na kitu cha kutazama.

Mwaka 1860 kamera ilirudi pwani kwa sababu ilikuwa mzigo uliomshinda mtu. Sasa ni nyepesi kuliko kokwa la embe, na wenye nayo ni wenyeji wenyewe. Ombi kwa kila aliyehudhuria ni dogo: kabla ya mwezi huu kwisha, achague mwembe mmoja, aupige picha nne, aandike mistari michache. Kisha arudi.